Kuchimbua miti ya mwitu kwa ajili ya bonsai: inachipua vizuri, halafu inakauka ghafla

Shina_Nene

Wadau, naomba msaada wa kina. Ipo miti mitatu ya mwitu inayosubiri kuchimbuliwa iwe bonsai, yaani miti inayolelewa midogo kwenye chungu, na ruhusa ya mwenye ardhi imeshapatikana kwa maandishi.

Wa kwanza ni mkunazi. Shina lake usawa wa ardhi ni sm 9, umetafunwa na mbuzi miaka mingi, haujafika mita moja na matawi yamesongamana. Wa pili ni mzeituni mwitu wa sm 12 kwenye kitako. Uliwahi kukatwa ukachipua upya, na chini una nundu kubwa. Wa tatu ni mtini wa mwitu, sm 6, umeota kwenye ufa wa ukuta wa mawe ambao utabomolewa.

Nataka kujua wakati wa kuchimbua, duara la kuchimba liwe kubwa kiasi gani, juu nikate wapi, na udongo gani wa kupandia. Kubwa zaidi ni hili, kwa miti niliyowahi kuchimbua: mti unachimbuliwa, wiki ya tatu unachipua, majani yanapendeza kabisa, kisha wiki ya sita au ya saba yote yananyauka ndani ya siku mbili na shina linakufa. Utaratibu uliotumika ni udongo mweusi wa bustani na robo yake samadi, chungu cha upana wa sm 50, maji asubuhi na jioni. Kosa liko wapi?

---

Changarawe

Mkuu, nianze na hilo la wiki ya sita, maana humo ndimo miti mingi inamofia.

Chipukizi la wiki ya tatu halikuambii chochote kuhusu mizizi. Shina nene ni ghala, limejaa wanga na maji. Likipata joto, macho yaliyolala chini ya gome yanaamka yenyewe. Hata gogo lililokatwa na kulazwa chini huchipua. Sasa mwenye mti akiona kijani anaamini umeshika: anautoa kivulini, anaongeza maji, anatia mbolea. Majani yanapoteza maji kila saa, na huko chini hakuna kinachovuta. Ghala likiisha, majani yote yanalegea kwa pamoja. Ndiyo maana inaonekana kama ghafla, ilhali mti ulikuwa unakufa tangu wiki ya kwanza.

Dalili ya kuaminika ni mkupuo wa pili. Machipukizi ya kwanza hurefuka, husimama, majani yake hukomaa na kuwa magumu. Baada ya hapo ncha zilezile zikianza tena kusogea na kutoa majani mapya, hapo ndipo unaweza kusema mizizi ipo na inafanya kazi. Kabla ya mkupuo wa pili usiubadilishie mti chochote: mahali, maji, wala mbolea.

Sasa udongo wako. Mzizi uliokatwa hauoti upya palipo na maji bila hewa. Seli zinazotengeneza mizizi mipya kwenye ukingo wa jeraha zinahitaji oksijeni kwa wingi, na udongo mweusi ukimwagiliwa mara mbili kwa siku unajaa maji kwenye kila nafasi iliyopaswa kuwa na hewa. Samadi inazidisha: vijidudu vinavyoiozesha hula hiyo oksijeni kidogo iliyobaki, na chumvi zake hunyonya maji kutoka kwenye majeraha mabichi. Na chungu cha sm 50 kwa mti ambao mizizi yake imebaki ya upana wa sm 25 ni bwawa, kwa sababu udongo wa pembeni hauna wa kuunywa.

Kuna jambo la vyungu ambalo wengi hulipuuza. Maji yakishatiririka yote, chini ya kila chungu hubaki tabaka lililolowa kabisa, na kimo cha tabaka hilo kinategemea ukubwa wa punje za udongo. Kina cha chungu hakihusiki. Kama udongo wako unashika maji kwa kimo cha sm 6, chungu cha kina cha sm 8 kitakuwa karibu chote tope, na cha sm 20 kitakuwa na sm 14 zenye hewa. Kwa hiyo mti uliotoka porini haupandwi kwenye sinia la bonsai. Upande kwenye kasha la mbao au beseni lenye kina cha sm 18 hadi 22, na upana unaoacha nafasi ya sm 3 hadi 5 tu kuzunguka mizizi iliyopo.

Mchanganyiko ni huu: sehemu 8 za pumisi au mawe mepesi ya volkano yenye punje za mm 3 hadi 6, na sehemu 2 za makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yakalowekwa na kusuuzwa mara kadhaa ili chumvi itoke. Usipopata mawe ya volkano, ponda matofali ya kuchoma na uchanganye nusu kwa nusu na mchanga mnene wa mto uliooshwa. Chochote utakachotumia, kichekeche. Kila kilicho chini ya mm 2 kitupe, hasa vumbi, kwa kuwa ndilo linaloshuka na kuziba chini. Samadi usitie, mboji usitie. Mti usio na mizizi hauna mdomo wa kulia.

---

Mpogoaji

Changarawe amemaliza habari ya udongo. Mimi niseme ya kuchimbua, maana nusu ya kazi inafanyika kabla mti haujaondoka mahali pake.

Usianze na sepetu. Anza na vidole. Kwangua udongo kuzunguka kitako kwa kina cha sm 5 hadi 8 na uangalie kama kuna mizizi inayosambaa pande zote karibu na shina. Wajapani huiita nebari, na ndiyo inayoupa mti sura ya uzee na kukaa imara ardhini. Lakini kwenye uchimbuaji ina maana kubwa zaidi ya urembo. Mizizi myembamba ndani ya sm 20 kutoka shinani ndiyo itakayouweka mti hai. Ukikwangua ukakuta nguzo moja nene inashuka moja kwa moja kama kigingi na pembeni hakuna kitu, simama hapo. Funika, mwagia maji, panga njia nyingine. Hapo nguvu haisaidii.

Ukubwa wa duara: kwa shina la sm 8 hadi 10, chimba mtaro kwa umbali wa sm 20 hadi 25 kutoka shinani, kina sm 20 hadi 25. Piga hesabu ya uzito mapema. Bonge la udongo la upana wa sm 50 na kina cha sm 25 linakaribia kilo 80, na mtu mmoja akilivuta peke yake litamvunjikia, na likivunjika linakatika na mizizi yake. La upana wa sm 40 na kina cha sm 20 ni kama kilo 40, hilo linabebeka kwa watu wawili na gunia.

Vifaa: sepetu iliyonolewa, sururu na mtaimbo kwa ajili ya mawe, msumeno wa kukunja, mkasi wa kupogolea, magunia yaliyolowekwa, karatasi la nailoni, kamba, na lita 10 za maji. Chimba mtaro nje ya duara kwanza, kisha ingia chini ya bonge kidogo kidogo kutoka pande zote. Mzizi mnene usiukate kwa sepetu wala usiupige kwa sururu. Utapasuka, na mpasuko hupanda hadi kwenye kitako. Kata kwa msumeno, halafu lainisha jeraha kwa kisu kikali, uso wa jeraha uangalie chini. Mizizi mipya hutoka kwenye ule mduara mwembamba kati ya gome na mbao, na ukichanika hautoi kitu.

Mti usiuyumbishe huku na huku wala kuutikisa ili ung'oke. Ukiona bado umekamata, basi kuna mzizi wa chini haujakatwa. Utafute kwa mkono.

Bonge likitoka, lizungushie gunia bichi saa hiyohiyo, nailoni juu yake, kamba pande zote, na uliweke kivulini. Jua na upepo wa dakika chache tu vinatosha kuua nyuzi za mizizi. Kama unasafirisha kwenye gari la wazi, funika na majani pia.

Sasa mti mmoja mmoja.

Mtini ndio mwepesi kuliko yote. Kipande kinene cha mtini huota hata bila mzizi mmoja, kwa hiyo usihangaike kufuata mizizi hadi mwisho wa ufa. Toa mawe kuzunguka mti badala ya kuuvuta mti kwenye mawe, kata mizizi kwa urefu wa sm 15 hadi 20, basi. Kwa vile ukuta unabomolewa, angalia kama kuna jiwe ambalo mizizi imelikumbatia. Lichukue na mti wake bila kuvitenganisha. Mizizi iliyobapa ikashika jiwe namna hiyo ni kazi ya miaka mingi kuitengeneza kwenye chungu, na hapo umeipata bure. Utomvu mweupe ukitoka, nyunyizia maji hadi ukome ndipo upake dawa ya majeraha. Ukipaka mapema, utomvu utaisukuma dawa itoke. Vaa miwani, utomvu huo machoni unaunguza.

Mzeituni mwitu umejaliwa hiyo nundu. Ndani yake kuna akiba ya chakula na macho mengi yaliyolala, na mizizi huweza kutoka humo humo. Unaweza kuukata chini ukawa bapa kwa msumeno, ukabaki na mizizi michache sana, na bado ukaishi, mradi udongo uwe na joto. Linda mizizi yoyote myembamba unayoikuta. Sehemu ya shina iliyokufa usiing'oe: mbao ya mzeituni ni ngumu na haiozi upesi, utaihitaji baadaye kwenye umbo. Tahadhari moja tu, mzeituni huchelewa. Unaweza kukaa miezi miwili hadi mitatu bila chipukizi hata moja. Kwangua gome kwa ukucha sehemu ndogo, ukiona kijani mwache.

Mkunazi ndio wenye kazi. Una mzizi mkuu unaokwenda chini sana, na mbuzi wakiutafuna juu, chini unazidi kunenepa. Huo usiuchimbue kwa siku moja kabla hujaukwangua na kujua una nini.

Kukata juu: kwa miti hii ya majani mapana, amua kimo cha mwisho kwanza. Kipimo cha kawaida ni kimo mara 6 ya unene wa kitako, kwa hiyo mtini wako wa sm 6 utaishia kama sm 36. Lakini shina lisilopungua unene kuelekea juu linaonekana kama kigogo cha nguzo, kwa hiyo mkato wa kwanza hushuka hadi karibu theluthi ya kimo hicho, na chipukizi jipya ndilo linaloendeleza shina likiwa jembamba zaidi. Siku ya kuchimbua ongeza sm 5 hadi 10 juu ya mkato uliokusudia. Mti haujui mpango wako: unaweza kukauka sm kadhaa kutoka kwenye jeraha, na chipukizi linaweza kutoka chini ya pale ulipotaka. Mkato wa mwisho, ule wa mshazari, ufanye mwaka wa pili.

Wakati: miti inayopukutisha majani kiangazi, kama mkunazi, ichimbuliwe macho yanapoanza kuvimba kabla majani hayajafunguka, yaani mvua zikiwa mlangoni. Mtini na mzeituni uchimbue mwanzo wa majira ya joto, ili wiki nyingi za joto zibaki mbele yake. Penye majira ya baridi kali ni mwishoni mwa baridi, macho yakivimba. Mti uliokwisha kufungua majani laini ndio mbaya kuliko yote: ghala limeshatumika na majani hayajaanza kurudisha.

---

Kivulini

Naongeza kuhusu miezi mitatu ya kwanza.

Mti ukishaingia kwenye kasha, ufunge. Pitisha waya kutoka kwenye matundu ya chini, uje juu ya bonge, ukaze angalau sehemu tatu. Kama mizizi haina pa kushika waya, pigilia vipande viwili vya mbao kutoka ukingo hadi ukingo vikibana bonge. Jaribio ni rahisi: shika shina usukume taratibu. Shina na kasha viende pamoja. Shina likicheza peke yake, hata mm 2, kila upepo unakata ncha za mizizi mipya zisizo na nguvu kuliko uzi wa buibui. Miti mingi inayosemwa imekufa kwa fangasi imekufa kwa kutikisika, kisha fangasi wakaja baadaye.

Jaza udongo kwa kuusukuma na kijiti katikati ya mizizi hadi kusiwe na mapango. Mwagilia mara moja kwa wingi hadi maji yanayotoka chini yawe safi. Baada ya hapo, usifuate saa. Chomeka kijiti kikavu hadi chini, uache dakika kumi, uchomoe. Kikitoka na unyevu, subiri. Kikikauka sm 3 za juu, mwagilia tena. Mti usio na majani kwenye mchanganyiko wa mawe unaweza kukaa siku nne au tano. Maji ya kila siku yapeleke kwenye shina kwa bomba la kunyunyizia, ukungu mwembamba mara tatu au nne, kwa sababu gome lenyewe hupoteza maji na macho huamka upesi yakiwa kwenye unyevu.

Weka kwenye neti ya kivuli ya asilimia 50 hivi, mahali pasipo na upepo. Shina lililozoea kufunikwa na matawi yake, ukilikata na kuliweka juani, gome la upande wa jua la mchana linaungua. Hutaliona leo. Utaliona mwakani gome likibanduka kipande kizima.

Nailoni: mtini na mkunazi vifunike na mfuko mweupe unaopitisha mwanga, uufunge chini, ndani uwe na matone. Usimwagilie ndani ya mfuko hadi matone yakome. Mfuko kwenye jua la moja kwa moja ni jiko, hata kwa nusu saa. Ufungue baada ya mkupuo wa pili, kwa tundu la ukubwa wa kidole kwanza, uongeze tundu kila siku mbili tatu, hadi wiki mbili zipite. Anayeuvua mfuko siku moja hurudia kosa lilelile la wiki ya sita.

Na machipukizi yasiguswe. Hata yale ya chini, hata yanayotazamana, hata yaliyotoka mahali pabaya. Kila jani linalisha mizizi, na ncha za matawi ndizo zinazotengeneza oksini, homoni inayoshuka na kuamsha mizizi. Kuchagua matawi ni kazi ya mwaka ujao.

---

Changarawe

Kivulini, hapo kwenye nailoni naomba tuachane kidogo. Mtini nakubali. Mkunazi ni mti wa nchi kavu, gome lake halipendi unyevu uliofungiwa wiki sita. Fangasi weupe huanzia kwenye majeraha. Na mzeituni ndiyo usiufunike kabisa juu. Ninachoshauri kwa hiyo miwili ni kuzungushia shina sphagnum (mmea laini kama sifongo unaoshika maji) au gunia jembamba lenye unyevu, ukiacha sehemu ya juu iwe wazi. Gome linapata unyevu, hewa inapita.

---

Kivulini

Kwa mzeituni uko sahihi, sikuutaja kwa sababu hiyo. Kwa mkunazi gunia linatosha kama mizizi myembamba ilikuja ya kutosha. Kama umetoka na vijiti viwili tu, bado nauchagua mfuko, na majeraha yapakwe siku hiyohiyo.

---

Shina_Nene

Asanteni sana. Nimekwangua mkunazi kama Mpogoaji alivyosema. Upande mmoja upo mzizi mmoja wa unene wa kidole gumba unaokwenda mlalo, na nyuzi chache. Upande wa pili hakuna kitu. Katikati kuna kigingi kinene karibu sawa na shina. Niuache?

---

Mpogoaji

Usiuchimbue msimu huu. Huo mzizi wa mlalo kwanza ufuate kama nusu mita. Mkunazi huchipua kutoka mizizini, na inawezekana ulichonacho ni chipukizi la mti mwingine, na huo mlalo ndio kamba iliyouunganisha na mama yake. Kama ndivyo, ukate ule mlalo sm 25 kutoka shinani mwanzoni mwa mvua, urudishe udongo, uache mwaka. Utalazimika kujitegemea huku bado una kigingi chake.

Kama si chipukizi, una njia mbili.

Ya kwanza ni mtaro wa nusu. Chimba nusu duara upande mmoja, umbali wa sm 20, ukate mizizi yote unayokutana nayo, kisha ujaze mtaro kwa changarawe na makumbi badala ya udongo uliotoa. Mizizi mipya itajazana humo, kwa kuwa pana hewa. Mwaka unaofuata fanya nusu ya pili, na wa tatu ukate kigingi na kuutoa. Inafaa kwa mti wenye mizizi ya pembeni, hata michache. Wako una upande mmoja tu, kwa hiyo matokeo yatakuwa ya upande mmoja.

Ya pili, na ndiyo ninayoipendelea kwako, ni kuutolea mizizi mahali unapopataka. Mwanzoni mwa majira ya joto, usawa wa pale unapotaka nebari, chuna gome kuzunguka shina kwa upana unaozidi kidogo unene wa shina, kwako kama sm 10. Kwangua hadi mbao nyeupe, usiache uzi wa kijani hata mmoja, maana uzi huo utaunganisha gome upya na mizizi haitatoka. Paka homoni ya mizizi kwenye ukingo wa juu tu. Zungushia beseni lililokatwa tundu chini, ulijaze changarawe ya mm 3 na sphagnum, lifunike ukingo huo kwa sm 8, na lisikauke. Chakula kinachoshuka kutoka majanini kitafika ukingoni kikose njia, na mizizi itatoka hapo kwa mduara mzima. Kigingi kinaendelea kupandisha maji kupitia mbao, kwa hiyo mti haufi kiu wakati unasubiri. Kwa gome nene kama la mkunazi tarajia msimu mzima au miwili. Usiukate hadi uone mizizi imebadilika kutoka nyeupe kuwa kahawia na imetoa matawi yake.

Juu usikate chochote kwa njia hii ya pili. Majani ndiyo yanayolipa.

---

Gamba_Kuu

Naomba kuingiza jambo ambalo halijasemwa. Shina_Nene ana ruhusa ya maandishi, vizuri sana, ila wengine wanaosoma wajue kwamba ruhusa ya mwenye shamba haitoshi kwa kila mti. Hifadhini haichimbuliwi. Kuna spishi zinazolindwa na sheria hata zikiota uani kwako. Na kuvusha mpaka ni habari nyingine: mkataba wa CITES wa mwaka 1973 unasimamia biashara ya kimataifa ya mimea mingi inayopendwa na watu wa bonsai na mimea minene, ikiwemo Pachypodium zote na Euphorbia zenye mashina ya maji, na Encephalartos zote (mimea inayofanana na mitende mifupi) ziko kwenye orodha kali kuliko zote.

Mti ulioota kwenye genge au mteremko mkali una mizizi inayoshika udongo wa watu walio chini. Uache. Yamadori, yaani kuchukua miti ya milimani, ilianza kwa heshima kubwa huko Japani, na bado kuna mijunipa ya magengeni iliyochimbuliwa hadi ikawa adimu, ikabidi watu waizalishe kwa vipandikizi. Tafuteni kwanza mahali ambapo mti utakufa hata msipouchukua: kuta zinazobomolewa, mifereji, ua wa zamani unaong'olewa, barabara inayopanuliwa, viwanja vinavyosafishwa. Na shimo lifukiwe, liwe sawa na ardhi, majani makavu juu.

Jingine dogo: kabla ya kuuleta bonge karibu na miti mingine, lizamishe kwenye pipa la maji nusu saa. Siafu na mchwa watatoka wenyewe. Mti dhaifu ndio bungua huutafuta, kwa hiyo kila wiki pitia gome ukitafuta matundu yenye unga wa mbao.

---

Jani_Sindano

Je, haya yote yanahusu pia misonobari na mijunipa?

---

Changarawe

Hapana, na ukiyafuata utaiua. Mambo matatu yanageuka.

Kwanza, juu haukatwi. Misonobari mingi na mijunipa haichipui kwenye mbao tupu isiyo na kijani. Ukikata tawi likabaki bila sindano, tawi hilo limekwisha. Na mizizi yake inategemea majani yaliyopo kuanza upya, haina ghala la namna ya mtini. Toa matawi yaliyokufa na yale yanayozuia kubeba, mengine yote yabaki hata kama yanachukiza.

Pili, udongo wa asili hauoshwi. Mizizi ya misonobari inaishi na fangasi rafiki wanaoonekana kama utando mweupe ndani ya bonge, na ukiuosha wote unauondoa pamoja na nyuzi za mizizi. Panda na bonge lake, jaza pumisi tupu pembeni. Udongo wa zamani utautoa kwa awamu: nusu moja miaka miwili au mitatu baadaye, nusu nyingine baada ya muda kama huo tena. Kwa hiyo chagua miti iliyoota kwenye vishimo vya mwamba. Humo mizizi haina pa kwenda, bonge lote linatoka kama keki kutoka kwenye sufuria. Jaribu kwa kusukuma shina: kama kitako chote kinapanda na kushuka pamoja na zulia la udongo, kinachimbulika. Kama shina linapinda na chini pametulia, mizizi imeingia kwenye nyufa.

Tatu, dalili zinachelewa sana. Junipa inaweza kubaki kijani miezi mingi ikiwa imeshakufa, hivyo rangi isikudanganye. Tazama ncha: ncha zenye uhai hung'aa na kurefuka, zilizokufa hupauka na kuwa kama vumbi zikiguswa. Usiweke waya wala usipinde kitu hadi ikue kwa nguvu msimu mzima, ambao mara nyingi ni mwaka wa pili au wa tatu.

---

Shina_Nene

Nimeelewa. Swali la mwisho, mbolea lini?

---

Kivulini

Mtini: majani ya mkupuo wa pili yakikomaa, mbolea ya maji kwa robo ya kipimo cha kwenye chupa, kila wiki mbili, kwenye udongo ambao tayari una unyevu. Baada ya miezi miwili panda hadi nusu ya kipimo. Mzeituni vivyo hivyo, lakini hesabu mkupuo wake wa pili, usifuate kalenda ya mtini. Mkunazi uliochunwa gome bado uko ardhini kwake, huo usiutilie kitu. Hakikisha tu beseni halikauki.